Mkanda wa Koo wa Fikirini

Enzi za Fikirini, hakuna abiria aliyeachwa na basi katika stendi ya Kibiti kwa sababu hakusikia. Umekaa zako kwa mama ntilie, tonge liko njiani kuelekea mdomoni, mara unasikia: "Lindi, Lindi-Mtwara, Somanga, Nangurukuru, mama mwenye ndoo ya bluu twende." Unajitazama, na kweli ndoo yako ni ya bluu. Sauti ile ilipita juu ya honi, juu ya injini, juu ya wauza korosho na wauza maji. Watu wa Mchukwi walidai kwamba upepo ukikaa vizuri wanamsikia hadi kwao. Ulikuwa uongo, na Fikirini mwenyewe aliusambaza kuliko mtu mwingine yeyote.

Wapiga debe hudharauliwa. Huitwa wahuni, huitwa watu wasio na kazi. Haya, wapo wa hivyo. Lakini anayewadharau ajaribu yeye kusimama juani tangu alfajiri, amwite bikizee kwa adabu, mwanafunzi kwa mzaha, na mwenye haraka kwa maneno mawili tu, na wote wapande basi lile lile wakijiona kila mmoja kaitwa peke yake. Fikirini aliifanya kazi hiyo ujana wake wote na hakuionea haya hata siku moja.

Kwao ni milima ya Umatumbi. Alikuja Kibiti kijana, kumsaidia mjomba wake kulima mihogo, na shamba likamshinda mapema. Stendi ikampokea. Huko huko stendi ndiko alikomwona Kuruthumu, binti wa visiwani kule delta, kashuka upande wa Nyamisati na masanduku ya bibi yake. Kwao Kuruthumu walikuwa wafanyabiashara wa tangu enzi za mababu, watu wa nazi na nguo, watu wa kanzu zilizonyooka. Wajomba zake walimkubali mkwe shingo upande. Walisema wamemwoza mtoto wao kwa honi ya basi.

Kuruthumu aliingia nyumbani kwa Fikirini na chetezo cha udongo. Alikotoka, nguo iliyofuliwa na kuanikwa ilihesabiwa bado chafu mpaka ifukizwe. Basi kila Ijumaa aliwasha makaa, akatia udi, akafunika chetezo kwa tenga la fito na kutandaza juu yake kanzu ya mumewe mpaka moshi uingie katika kila uzi. Fikirini, mtu wa milimani, mwanzoni alipiga chafya. Baadaye akazoea, na baadaye tena ikawa bila harufu ile haioni Ijumaa kuwa ni Ijumaa.

Walipata mabinti wawili, Hanifa na Maulida. Hanifa alikuwa mtoto wa baba. Maulida, yule mdogo, alimwonea baba yake haya. Shuleni walimwita binti wa Nangurukuru, na akitumwa kupeleka chakula stendi alikizunguka kituo kwa nyuma, akakikabidhi kwa mtu mwingine, akakimbia. Fikirini aliliona hilo. Halikumkera sana, ila lilimkaa moyoni.

Sauti ilipoanza kukwaruza, alisema ni vumbi. Alitafuna tangawizi, akanywa asali, wenzake wakamtania kwamba sasa anaita mabasi kama jogoo mchanga. Ikaendelea kukwaruza, ikawa inakatika katikati ya Somanga. Alipokubali kwenda hospitali alipelekwa moja kwa moja Dar es Salaam, na huko wakaona uvimbe kooni, wakaukata, na pamoja nao wakakata sehemu kubwa ya nyuzi za sauti. Wakati amelala wodini na mrija puani, Hanifa aliolewa. Tarehe ilikuwa imeshapangwa, wageni wameshaalikwa, na baba mdogo ndiye aliyekaa mahali pake. Fikirini aliletewa picha kwenye simu.

Alirudi Kibiti mzima, na hilo si dogo. Uvimbe haukurudi. Lakini kilichobaki cha sauti yake kilikuwa ni pumzi yenye mkwaruzo, ambayo Kuruthumu aliielewa nusu kwa kusikia na nusu kwa kumtazama midomo. Stendi walimpa filimbi. Alijaribu. Filimbi inamwita kila mtu namna moja, na yeye hakuwahi kumwita mtu namna moja. Akaiweka mfukoni, akawa mpanga mizigo.

Mtu aliyebadilisha mambo aliitwa Hafsa, mtafiti wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, binti mwenye miwani na haraka nyingi, aliyemkuta kliniki siku ya marudio. Alimwonyesha utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, unaokunjika upande wowote utakao.

"Mzee Fikirini, hii ni plastiki laini," alimwambia. "Ndani yake tumechanganya unga wa kauri. Si kauri ya vikombe, ni ya aina nyingine. Ukiutikisa utando huu, hata kidogo sana, unatoa umeme. Kidogo mno, lakini unatoa."

Fikirini alinyanyua mabega, kuuliza yeye inamhusu nini.

"Koo lako bado linatetemeka ukisema. Mdomoni unatoka upepo tu, ndiyo maana hata ukishika kipaza sauti cha kawaida watu watasikia upepo. Utando huu hausikilizi mdomo. Unakaa juu ya ngozi, unalisikiliza koo lenyewe."

Ule utando ulishonewa ndani ya mkanda wa kitambaa, wa kuvaa shingoni, wenye waya unaoshuka hadi kwenye kisanduku cha spika kinachokaa kiunoni. Mara ya kwanza Fikirini alipoufunga na kusema "bismillahi," kisanduku kilisema bismillahi. Ilikuwa sauti ya bati, kama redio inayotaka betri mpya, lakini herufi zote zilikuwemo. Alikaa chini. Kuruthumu alianza kulia na kucheka kwa pamoja, na Hafsa akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Masharti yalikuwa machache. Mkanda usifuliwe. Usipigwe pasi. Usiwekwe kwenye moto. Ukichafuka upanguswe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kuruthumu aliyarudia yote pale pale, na kuanzia siku ile hakumruhusu mtu mwingine kuugusa.

Wenzake wa stendi walikipa kile kisanduku jina la "Fikirini Mdogo." Hakikuwa na nguvu ya kushindana na mabasi, kwa hiyo hakurudi kupiga debe, isipokuwa mara moja moja kwa kufurahisha watu. Lakini alijadiliana bei ya samaki. Alisalimia. Alimkemea mbuzi wa jirani, na mbuzi akageuka. Alizungumza mpaka Kuruthumu akamwomba apumzike, kisha akajutia kumwomba.

Ndipo akaja Miraji, fundi pikipiki wa Ikwiriri, kijana mwenye adabu na kucha nyeusi za grisi, kumposa Maulida. Mambo yalikwenda sawa. Jioni moja, wageni wa posa wameshaondoka, Maulida alikaa kwenye jamvi karibu na baba yake, akawa anang'oa nyuzi za ukingo wa jamvi.

"Baba, nina ombi. Siku ya nikaha usimpe shehe uwakala. Uniozeshe wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako."

"Na kisanduku hiki?" aliuliza Fikirini. "Watu watacheka."

"Wacheke." Aling'oa uzi mwingine. "Mie nilikuwa napita nyuma ya stendi ili nisikusikie. Nadhani ulijua. Sasa nataka nikusikie, na watu wote wasikie."

Fikirini alimshika kichwa mwanawe, akakitikisa taratibu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Tangu jioni ile alikuwa na jambo moja tu la kuishi kwalo. Harusi ya Hanifa ilimpita akiwa wodini. Hii haitampita.

Akaanza mazoezi. Jioni baada ya kula humketisha Kuruthumu mbele yake, akamshika mkono kama anavyoshikwa bwana harusi, na kisanduku kikatamka: "Nimekuoza binti yangu Maulida kwa mahari mliyokubaliana." Na Kuruthumu, kwa sauti nzito ya kijana, akajibu: "Nimekubali kumuoa." Mara nyingine alijibu kwamba bado anafikiria, mahari ni kubwa, na huyo binti kupika hajui. Maulida huko jikoni akawaambia wazee waache utoto. Hapakuwa na nyumba yenye raha kuliko ile katika Kibiti nzima.

Siku ya nikaha ikawa Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, msikitini. Asubuhi nyumba ilijaa shangazi na masufuria. Kuruthumu aliwasha chetezo mapema. Alifukiza kanzu ya mumewe, kikoi, kofia, na nguo za bibi harusi. Kisha akauchukua ule mkanda. Miezi yote ile haukuwahi kufuliwa, na shingo ya mwanamume wa Kibiti katika joto la Kibiti haihitaji kuelezwa. Alikuwa ameupangusa kila mara kama alivyoagizwa, na bado ulinuka jasho. Leo mumewe atakaa ana kwa ana na mkwewe, mkono kwa mkono, na wajomba wa kutoka visiwani wamekaa pembeni na pua zao. Alichomoa waya, akakiweka kisanduku mbali, mahali salama. Hakuupeleka mkanda motoni. Hakuupiga pasi, wala hakuutia maji. Aliulaza juu ya tenga, katikati kabisa, pale moshi unapopita mzito, akaongeza makaa na kipande cha udi ule wa sherehe, na akauacha hadi alipomaliza kusuka nywele za Maulida.

Fikirini aliporudi kutoka swala ya Ijumaa aliukuta umekunjwa juu ya kanzu, unanukia vizuri kuliko wakati wowote. Aliunusa, akamtazama mkewe, akatabasamu. Akaufunga shingoni, akachomeka waya, akabonyeza.

"Mama Hanifa," alisema.

Kisanduku kilinyamaza. Taa yake ilikuwa inawaka. Alisema tena. Akaubana mkanda kwa kidole, akauhamisha kushoto, akauhamisha kulia, akabadilisha betri, akatoa waya na kuuchomeka upya. Alijaribu kukohoa. Ndani ya kitambaa utando ulikuwa pale pale, mweupe, mzima, unakunjika kama zamani, hauna hata alama. Taa iliwaka, na kisanduku hakikutoa hata mkwaruzo.

Ikabidi kumpigia Hafsa. Na hapa ndipo mtu anapoweza kuichukia dunia: Fikirini hawezi kuzungumza kwenye simu. Maneno yote ya simu ya nyumba ile yalipita kwa Kuruthumu. Alikaa kitandani karibu na mumewe, akaweka simu kwa sauti ya juu ili naye asikie, na maswali yote akaulizwa yeye.

"Umelowa maji, mama?"

"Haujalowa."

"Mmeupiga pasi?"

"Hata kidogo."

"Umekaa juani, au karibu na jiko?"

"Mwanangu, mie naulinda kama roho. Haujaona jua wala jiko."

"Basi hebu fikiria tangu jana. Kuna chochote cha moto kilichoukaribia? Chochote kabisa."

Kuruthumu alifungua mdomo kujibu hapana. Fikirini alimwona akigeuza macho kuelekea mlangoni, kule ukumbini, ambako tenga lilikuwa bado juu ya chetezo.

"Niliufukiza udi," alisema.

Hafsa hakuelewa mara moja, na ikabidi Kuruthumu amweleze yote kwa mdomo wake mwenyewe: makaa, tenga, ule udi wa sherehe, muda aliotumia kusuka nywele. Kila neno alilitamka polepole.

"Sikuwaza udi," alisema Hafsa hatimaye. "Mie mwenyewe mtu wa Pwani, na sikuwaza. Mama, zile chembe za kauri tulizipanga kwa umeme mkali, zote zielekee upande mmoja, kama watu wanavyoelekea kibla. Utando ukipata joto kali, zinasahau. Kila moja inatazama upande wake. Utauona mzima, lakini haufanyi kazi tena."

"Tufanyeje? Nikaha ni Alasiri."

"Kuupanga upya ni mpaka hapa maabara, na si kazi ya leo. Na mwingine sina. Kila nilioutengeneza uko shingoni kwa mgonjwa mwingine. Nisameheni, mama. Mwambie mzee anisamehe."

Kuruthumu alikata simu. Hakulia. Aliishika simu kwa mikono yote miwili na kutazama sakafu. Fikirini alikaa kando yake na hasira imemjaa kifua kizima. Alitaka kupiga kelele. Alitaka, kwa dakika moja tu, ile sauti ya stendi, amuulize mwanamke huyu ni shetani gani wa udi aliyempanda, nyumba nzima isikie, na wajomba wa visiwani nao wasikie. Kisha ampe pole kwa sauti ile ile, maana alimjua, na alijua kwamba kila alichokifanya asubuhi ile alikifanya ili yeye apendeze. Hakuwa na sauti ya hili wala ya lile. Akaanza kuvaa kanzu, na mikono yake ikakosa tundu la mkono mara mbili, mpaka Kuruthumu akainuka kumsaidia.

Maulida hakuambiwa. Ama Kuruthumu hakuweza, ama alitumaini bado. Ukumbini wanawake walikuwa wameshamketisha bibi harusi karibu na dirisha, kwa kuwa spika ya msikiti ilisikika vizuri pale.

Msikitini walimkalisha Fikirini mbele ya Miraji, goti kwa goti. Shehe Haidari, aliyemfahamu tangu enzi za mabasi, aliona kisanduku kimezimwa, akainama kumuuliza kwa macho. Fikirini akatikisa kichwa. Shehe akafikiri, kisha akamsogezea kipaza sauti cha msikiti.

"Jaribu hiki, Fikirini. Taratibu tu."

Alimshika Miraji mkono. Kiganja cha kijana kilikuwa kimelowa jasho. Fikirini alivuta pumzi yote iliyokuwa ndani yake na kuyasukuma yale maneno aliyoyafanyia mazoezi jioni baada ya jioni. Spika zikajaa upepo. Ulipita msikiti mzima, ukatoka nje hadi barabarani, mvumo mrefu usio na neno, kisha mtambo ukapiga yowe na mtu akakimbilia kuupunguza. Fikirini alijaribu tena. Miraji alimtazama midomo kwa bidii zote, amekaza uso, anataka sana kusikia. Mtu mmoja nyuma alicheka, si kwa ubaya, kisha akajutia.

"Mashahidi, mmesikia?" aliuliza shehe.

Mashahidi walitazamana. Walikuwa watu waungwana na walitamani kusema ndiyo. "Hatukusikia, shehe," alisema mmoja wao.

Shehe Haidari alimwekea Fikirini mkono begani. "Sharti neno lisikike, ndugu yangu. Nipe uwakala nimalize mimi. Na kama huwezi kulitamka, ishara ya asiyesema inakubalika."

Asiyesema. Mtu aliyewapandisha basi nusu ya watu waliokaa mle ndani, kwa majina yao na kwa rangi za ndoo zao. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na nyumbani kwake, nyumba ya pili kutoka barabarani, karibu na dirisha, mwanawe alikuwa anasubiri. Hapakuwa na njia nyingine. Alitikisa kichwa kukubali, na shehe akauchukua mkono wa Miraji kutoka mkononi mwake.

Maneno yalitamkwa vizuri sana. Shehe Haidari alikuwa na sauti safi. Fikirini alisikia jina la mwanawe likisemwa na mtu mwingine, binti yake wa pili kuozwa kwa mdomo usio wake, akasikia kijana akijibu, akasikia dua, akaitikia amina bila mlio pamoja na walioitikia kwa mlio. Tende zikapitishwa. Watu walikuja kumpa mkono wa heri mmoja mmoja, na wengine, kwa kumhurumia, waliongea naye kwa sauti ya juu kana kwamba ugonjwa ulikuwa masikioni.

Gari la kumchukua bibi harusi lilikuwa limepambwa kwa maua ya karatasi. Injini ilikuwa inanguruma, vigelegele vimeshika nyumba nzima, vijana wamewasha muziki kwenye bodaboda zao. Kuruthumu alisimama mlangoni, hakusogea karibu na mumewe. Maulida alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma, kichwa kimefunikwa, wanja umetiririka kidogo chini ya jicho moja. Fikirini alipenya katikati ya watu, akaingiza kichwa dirishani, akaweka midomo karibu kabisa na sikio la mwanawe. Akamwambia kwamba alikuwa tayari. Kwamba maneno aliyajua, na angeyasema vizuri. Kwamba mama yake asilaumiwe, maana alitaka tu baba apendeze. Akamwoza, pale dirishani, kwa maneno yote kama yalivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudisha kichwa nyuma amwone.

Maulida alimwinulia uso, akamtabasamia kwa upendo wote, akamshika mkono.

"Ndiyo, baba," alisema.

Gari likaondoka. Fikirini alibaki amesimama barabarani. Hakuwa amemuuliza kitu.